Kirangozi Mbele, Mwenye Mali Nyuma

Katika misafara iliyopita Unyamwezi katikati ya karne ya 19, mpagazi aliyethubutu kumtangulia kirangozi, yaani kiongozi wa njia, alichomolewa mshale mmoja kwenye podo lake. Hakurudishiwa mpaka mwisho wa mwendo wa siku, baada ya kuukomboa kwa malipo. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, aliiandika desturi hiyo kwa mistari michache kisha akarudia kazi yake aliyoipenda ya kuwalaumu wapagazi. Mtu aliyewahi kusimamia watu kazini ataisoma taratibu zaidi. Hapo hapana bakora wala barua ya onyo. Pana kitu chako mwenyewe kilichomo mkononi mwa mwingine mchana kutwa, na wenzako wote wanaona nafasi iliyobaki wazi kwenye podo.

Tumezoea kudhani kwamba elimu ya kupanga wafanyakazi na kuzungumza nao imeletwa na makampuni, vitabu vya vyuo na maofisa rasilimali watu. Msamiati wetu unasema vingine. Mnyapara, ambaye leo tunamkuta gerezani na kwenye majengo yanayojengwa, ni neno lililotoka Unyamwezi, ambako wanyampara walikuwa wazee waliomsaidia mtemi, kabla ya kuwa wakubwa wa vikosi vya wapagazi. Posho ilikuwa chakula cha safari; sasa inapiganiwa kwenye semina. Kambi ya mkandarasi imerithi jina kutoka kambi ya msafara. Hata hongo ilikuwa ushuru halali wa mtemi kwa mgeni anayepita nchini mwake, na jinsi neno hilo lilivyoharibika ni habari ya siku nyingine. Kibarua ndicho kilichotoka Pwani: ni barua ndogo, kile cheti alichopewa mtu wa kutwa ili adai ujira wake. Ukiyakusanya maneno haya unapata karibu muundo mzima wa kampuni, na sehemu yake kubwa ilipevuka kwenye njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji kabla reli haijafikiriwa.

Njia hiyo haikuwa mchezo. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 800 kwa mguu. Burton alitumia siku 134. Henry Stanley, mwaka 1871, alitumia 84 na kujisifu. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani kama kilo 32, ukiacha vitu vya mpagazi mwenyewe: silaha, mkeka, chungu, chakula cha akiba. Pembe kubwa za ndovu zilizidi hapo, na waliozibeba walikuwa watu wa kuheshimiwa. Ujira ulilipwa kwa nguo za merikani na kaniki, kwa shanga na masango, yaani nyaya, baadaye kwa dola za Maria Theresa. Posho ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, au kitambaa cha kukinunulia.

Sasa tazama safu inavyotembea. Mbele yuko kirangozi, joho jekundu mabegani, ngozi na manyoya kichwani, bendera nyekundu ya Zanzibar mkononi au kwa kijana aliye karibu naye. Mzigo wake ni mwepesi kuliko wa wengine. Nyuma yake wanafuata wabeba pembe, wengine wamefunga kengele kwenye ncha za mizigo yao, kisha marobota ya nguo, shanga, nyaya, na mwishoni vyombo vya kambi pamoja na wake za wapagazi waliofuatana nao, ambao nao walibeba na kupika. Mwenye mali yuko wapi? Yuko mkiani, katika vumbi la watu wote, akilinda asitoroke mtu na mzigo.

Mpangilio huu unafundisha kuliko chati yoyote ya ofisini. Anayeongoza si anayemiliki. Kirangozi kwa kawaida alikuwa Mnyamwezi, mtu aliyejua njia, maji na lugha za watemi, na aliyekubalika kwa wapagazi wenzake. Asiyekubalika angepeperusha bendera peke yake. Alikula na wenye mali na alilala na wabeba mizigo. Kwa mwenye msafara alikuwa mtumishi ghali. Kwa wapagazi alikuwa mkubwa wao ambaye wangeweza kumkasirikia na kumwangusha. Msafara ulisimama juu ya mtu huyu wa katikati, na nadhani kila mwajiri aliyekuja baadaye katika nchi hii anaweza kupimwa kwa alichofanya na nafasi hiyo: alimweka nani pale, na huyo aliyewekwa alisema kwa niaba ya nani.

Burton, pamoja na jeuri yake, alikuwa na jicho. Aliigawa misafara katika aina tatu. Ya kwanza ilikuwa ya Wanyamwezi wenyewe, waliopeleka pembe zao na za watemi wao Pwani. Ya pili iliongozwa na Waswahili, waungwana au watumwa waliotumwa na matajiri wao. Ya tatu ilikuwa ya Waarabu. Katika ile ya kwanza watu walikula vibaya, walilala vibaya, walibeba pembe kubwa kupita kiasi, lakini walitembea kwa moyo na kutoroka kulikuwa nadra. Katika ya Waarabu posho ilikuwa nzuri na starehe nyingi, na hata hivyo mwenye mali hakulala usingizi kwa kuogopa kuamka na kukuta mizigo imelala chini bila wenyewe. Tofauti, kwa maoni yangu, haikuwa tabia ya kabila. Mnyamwezi aliyetoroka kwa Mwarabu ndiye yuleyule aliyevumilia njaa kwenye msafara wa nyumbani. Kilichobadilika ni nani alikuwa na hisa katika mzigo, na nani angemkuta nyumbani akimuuliza.

Kule Unyamwezi kwenda Pwani kulikuwa sehemu ya kuwa mwanamume. Watoto walizoezwa kubeba vijipande vya pembe. Kijana asiyewahi kuiona bahari alichekwa. Kwa hiyo msafara haukuhitaji kumfundisha mfanyakazi mpya maana ya kazi, kwa kuwa alikuja nayo. Alikuja pia na kalenda yake. Mvua za kupanda zikikaribia alitaka kuwa shambani, na tajiri aliyechelewa Tabora mpaka majira hayo alilipa zaidi au alikaa. Wenye mali waliita hali hiyo uvivu. Wapagazi waliiita kilimo.

Mawasiliano yalianza kabla ya jua. Kirangozi alipiga baragumu ya pembe ya tandala, watu wakafunga mizigo, ngoma ikaitikia. Jioni, watu wakiisha kula kwa makundi yao, kila kundi na chungu chake, alisimama akatangaza kwa sauti: kesho tunaondoka au tunakaa, maji yako mbali au karibu, porini kuna nini, nani asiachane na nani. Aliyepinga alipinga palepale, mbele ya watu. Njiani, penye njia panda, waliotangulia waliweka tawi au kuchora mstari kwa mguu kuikata njia isiyo yao, ili mgonjwa aliyebaki nyuma nusu siku ajue wenzake walikopita. Ninauona mstari huo wa vumbi kuwa waraka bora kabisa wa kazi. Ni mfupi, uko mahali unapohitajika, umeandikwa na aliyepita kwa ajili ya anayekuja, na hauhitaji kusoma.

Kulikuwa na chombo kingine, utani. Njia ya misafara iliukuza utani kati ya Wanyamwezi na watu wa nchi walizopitia, Wazaramo wakiwemo. Mtani wako alikupa chakula, alikuzika ukifia kwake, na alikutukana bila kesi. Katika msafara wenye watu wa makabila kumi, utani uliruhusu jambo zito lisemwe kwa kicheko na kumfikia mkubwa kabla halijawa ugomvi. Sijaona kampuni yenye sanduku la maoni linalofanya kazi hiyo nusu yake.

Barua ndizo zilizokwenda polepole. Mfuko wa barua za David Livingstone uliotiwa tarehe 1 Novemba 1870 ulikaa Bagamoyo na msafara uliozembea kama siku mia moja, kisha ukalala Kwihara, nje kidogo ya Tabora, mpaka Stanley alipoukuta huko na kumpelekea mwenyewe Ujiji mwaka 1871, mwaka mzima umepita. Tajiri wa Zanzibar aliyedhamini msafara kwa mali ya mkopo hakuweza kutoa amri yoyote yenye maana kwa watu walio Ugogo. Umbali ulilazimisha madaraka yakae njiani, kwa mtu aliyepo.

Mahali ambapo neno halikusikilizwa, miguu ilisema. Wapagazi waligoma: walitua mizigo, wakakaa, wakamtuma kirangozi au mnyapara kwa mwenye mali. Sababu zilijirudia: posho imepunguzwa, mwendo umezidi, mzigo umeongezwa, maiti ameachwa. Wasiposikilizwa walitoroka, na mara nyingi kwa pamoja. Waajiri walijibu kwa malipo ya mbele, ambayo ni dawa yenye sumu yake. Stanley alipoandaa safari yake ya pili Zanzibar mwaka 1874, safari ambayo haikupita Tabora, aliwapa watu ujira wa miezi minne kabla ya kuondoka, dola 20 kwa mtu wa dola 5 kwa mwezi. Ukitoa kidogo hupati watu. Ukitoa kingi unamlipia mtu nauli ya kutoroka.

Nisije nikapamba. Katika safu hiyohiyo walitembea watumwa. Wengi waliojiita waungwana walikuwa watumwa waliokodishwa, na sehemu ya ujira wao ilirudi kwa bwana Zanzibar. Wagonjwa wa ndui waliachwa porini. Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makao Tabora na alioa binti wa Mtemi Fundikira, anasimulia mwenyewe katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili jinsi alivyowakodi Wazaramo, wakatoroka, naye akaenda hadi vijijini kwao, akawakamata wazee na jamaa zao mpaka akapata mamia ya wabebaji. Wakampa jina la Kingugwa. Anaisimulia kama ushindi. Lakini soma vizuri utaona kwamba alilazimika kwenda kwa wazee. Hata mabavu yalitafuta mtu wa katikati wa kuyashika.

Na kuna siku moja Tabora ambayo kila anayezungumzia uongozi angeikumbuka. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Watu wake, Abdullah Susi na James Chuma wakiwa mbele, waliukausha mwili wake wakaubeba kuelekea Pwani bila bwana yeyote, bila mkataba wa kazi hiyo, bila ahadi ya malipo. Oktoba mwaka huo walifika Unyanyembe, ndiyo nchi ya Tabora, wakamkuta Luteni Verney Lovett Cameron, aliyetumwa kumsaidia marehemu. Cameron akawashauri wamzike palepale. Wakakataa, wakaendelea, na Februari 1874 walikuwa Bagamoyo. Msafara usio na mwenye mali mkiani ulifika. Kule Pwani waliachishwa kazi bila shukrani ya maana. Medali zilikuja baadaye, wengi wakiwa wameshatawanyika.

Mabadiliko yaliingia kwa mlango wa dukani. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897 na ambaye jina lake liko kwenye jengo la hospitali ya Muhimbili, alijenga biashara kubwa ya kuwapatia wasafiri, wamisionari na Wajerumani wapagazi na mali pamoja. Kwa lugha ya leo alikuwa wakala wa ajira. Kwa tajiri ilikuwa nafuu kubwa, maana alikwenda dukani akaondoka na msafara. Kwa mpagazi, aliyemwajiri na aliyemtumikia walikuwa watu wawili, na malalamiko yakaanza kupotea kati yao. Yeyote aliyefanya kazi ya ulinzi au usafi chini ya wakala atanielewa bila maelezo.

Kisha reli. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Wanyamwezi walijenga kwa mikono yao kitu kilichoua kazi ya mababa zao. Wengi walihama na ujuzi wao: walikwenda kwenye tuta kwa vikosi na wanyapara wao, wakaenda kwenye katani Tanga. Vita vilipokuja, vikiwemo vya Tabora yenyewe iliyochukuliwa na Wabelgiji Septemba 1916, upagazi ulirudi kwa nguvu ya serikali, na Waingereza wakatuachia Kariakoo, jina la kikosi chao cha wabebaji kwa matamshi yetu. Mpagazi wa vita hakuwa na kirangozi wa kumwangusha. Alikuwa na namba.

Namba ndiyo iliyotawala nusu karne iliyofuata. Mwaka 1944 wenye mashamba ya katani walianzisha ofisi yao ya kuandikisha watu, SILABU, iliyowatafuta hadi mikoa ya magharibi, na waliosafirishwa wakaitwa manamba. Kazi ilipimwa kwa kipande, kadi ya siku 30 ambazo lazima zitimie ndipo mtu apate mshahara. Kadi ilizungumza upande mmoja tu. Ilimwambia meneja kila kitu kuhusu mtu, na haikumwambia mtu chochote kuhusu meneja. Mnyapara alibaki, lakini sasa aliteuliwa na shamba, na neno likaanza kupata ile ladha chungu iliyonayo leo. Huwezi kumwita mwenzako mnyapara na akafurahi. Katikati ya karne ya 19 angefurahi.

Reli, ambayo Tabora ikawa njia panda yake ya kwenda Mwanza na Kigoma, ilikuwa mwajiri wa aina nyingine: kitabu cha kanuni, sare, daraja la mshahara, nyumba kwa daraja, simu ya waya kati ya stesheni na stesheni. Amri ilisafiri kwa dakika. Jibu ndilo lililokosa waya. Wafanyakazi walijitengenezea wao wenyewe, chama cha TRAU, chini ya katibu mkuu Kasanga Tumbo, na mwaka 1960 waligoma siku 82. Mgomo huo husimuliwa kama habari ya mishahara na siasa ya uhuru, na ni kweli. Mimi nauona pia kama kurudi kwa kirangozi: mtu aliyechaguliwa na wabebaji, anayemkabili mwenye mali kwa jina lake. Serikali ya uhuru haikumpenda kirangozi wa namna hiyo kuliko wakoloni walivyompenda. Mwaka 1964 vyama vya wafanyakazi vilikunjwa kuwa kimoja, NUTA, na Tumbo akatiwa kizuizini. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulifungua mlango tena kwa kukemea viongozi wenye kiburi, wafanyakazi wakauamini kupita walivyotarajiwa, wakawafungia nje mameneja viwandani, na ndani ya miaka miwili mlango ukarudishwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ina kifungu kidogo ambacho huwa nakipenda: mwajiri lazima ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na asipoyaelewa aelezwe kwa namna anayoielewa. Ni tangazo la jioni la kirangozi limeingizwa kwenye sheria. Nenda ukaangalie mikataba inayosainiwa. Mingi imeandikwa kwa Kiingereza, na mtu anaonyeshwa mahali pa kuweka sahihi.

Tabora ya sasa inaishi kwa tumbaku, na hapo muundo wa msafara haujafa. Kampuni inayonunua haimwajiri mkulima. Inaingia mkataba na chama cha msingi, AMCOS, ambacho kinawakopesha wanachama pembejeo; mkulima wa Urambo au Sikonge naye anawachukua watu wa msimu, wengi kutoka Kigoma na hata Burundi, wanaolipwa mauzo yakiisha. Kuna ngazi nne, na katikati amekaa mwenyekiti wa chama, kachaguliwa na wakulima lakini simu yake inapigwa na kampuni. Siku ya soko, daraja la tumbaku linapotajwa, macho yanamgeukia yeye. Kwa kuwa deni limechukuliwa kwa dhamana ya pamoja, aliyelima vizuri amewahi kukatwa kwa ajili ya aliyekimbia na mbolea. Kutoroka bado kuna gharama, ila sasa inalipwa na aliyebaki. Na mfanyakazi wa msimu, yule wa ngazi ya chini kabisa, hana mwenyekiti. Anasikia bei kwa tajiri wake, ambaye ana sababu zote za kuitaja pungufu.

Mjini kuna makundi ya WhatsApp. Kazi fulani niliyowahi kuifanya ilikuwa na kundi la wafanyakazi ambamo wasimamizi peke yao waliweza kuandika. Tulikuwa watu zaidi ya arobaini tukisoma zamu, makato na mikutano ya dharura, bila nafasi hata ya kuuliza kikao ni saa ngapi. Kundi la pili, lisilo rasmi, lilianzishwa wiki ileile. Humo ndimo utani ulimokuwa, na ndimo kila jambo la maana lilimojulikana siku mbili kabla ya uongozi kulijua.

Sasa reli ya kisasa inajengwa kuja Tabora kutoka Makutupora, kilomita 368, na kuendelea Isaka. Alfajiri moja nilisimama kando ya lango la kazi, moja kati ya nyingi zilizofunguka mkoani, nikimtazama mnyapara akiita majina kutoka kwenye karatasi. Vijana walichuchumaa na vikombe vya uji, helmeti miguuni. Mmoja akauliza mbona posho ya wiki iliyopita imepungua. Mnyapara akasema ofisi imesema hivyo. Kijana akauliza ofisi iko wapi. Yule mtu mzima akatazama karatasi yake, akaielekeza kalamu mashariki, upande wa Dar es Salaam, akacheka kidogo, kisha akaita jina lililofuata.